Deni la Mwenye Kujua

Zamani mtu aliyefika ugenini na kiu aliyapima maji kwa vipimo vitatu alivyozaliwa navyo. Aliyatazama kwa jicho kama yana tope. Aliyanusa kwa pua kama yana uvundo wa mzoga. Na mwisho aliyaonja kwa ncha ya ulimi kama yana chumvi au ukakasi. Maji yaliyoshinda mitihani hiyo yalinywewa kwa amani. Vipimo hivyo si vya kudharauliwa, maana vimemvusha binadamu karne nyingi, na hata leo hakuna mwenye akili awezaye kuvitupa. Baadaye elimu ilitufundisha kwamba ndani ya maji maangavu huweza kuwamo viumbe wadogo wasioonekana, waletao kipindupindu na homa ya matumbo, ikatupa na dawa yake: chemsha. Kila mtoto wa shule hulijua neno hilo, na akina mama wengi wameokoa watoto wao kwa sufuria na moto tu.

Lakini yuko adui wa tatu, ambaye jicho halimwoni, pua haimsikii, ulimi haumtambui, wala moto haumwui. Huyu ni madini na chumvi za namna namna: aseniki, risasi, floraidi, naitreti. Kitu ambacho hakikuwa hai hakiwezi kuuawa kwa kuchemshwa. Maji yakichemka, sehemu yake huenda hewani kwa mvuke na sumu hubaki katika sufuria, hata kila kikombe kikawa na sumu zaidi kidogo kuliko kabla ya moto kuwashwa. Mama aliyefuata mafundisho yote kwa uaminifu huwa ameongeza kile alichotaka kukiondoa. Tena kiasi kinachodhuru ni kidogo ajabu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa risasi na wa aseniki katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 katika lita moja. Msomaji apendaye hesabu na achukue gramu 5 za chumvi, yaani kijiko kimoja cha chai, azigawe katika malori 50 ya maji, kila lori lita 10,000. Mchanganyiko atakaoupata ndio huo. Ulimi gani utaionja chumvi hiyo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimo kikombeni, nacho hula polepole, mwaka baada ya mwaka.

Kwa muda mrefu adui huyo hakuweza kutambuliwa ila katika maabara kubwa, kwa mashine za bei ya nyumba na mafundi wa kuhesabika. Maji yalitiwa chupani, yakasafirishwa mjini, na jibu likarudi baada ya majuma, kama lilirudi. Sasa njia nyingine imefunguka. Ni kijikaratasi, au kipande cha plastiki, chenye upana wa kidole, kilichochapwa mistari ya wino kama fulana ichapwavyo picha: wino husukumwa juu ya kitambaa cha wavu, ukapita mahali palipoachwa wazi tu. Ila wino wenyewe si wa rangi. Mstari mmoja ni wa kaboni, mwingine ni wa fedha, na yote hupitisha umeme. Mistari hiyo huitwa elektrodi. Tone la maji huwekwa juu yake, ncha ya pili ya kijikaratasi huchomekwa katika chombo kidogo cha kushikwa kiganjani, na chombo husoma umeme unaopita.

Msomaji atauliza, umeme utajuaje kutofautisha risasi na shaba? Jibu lake ni zuri, naomba subira nilieleze. Chembe za madini zilizoyeyuka majini huwa na umeme wa upande wa chanya. Elektrodi ya kaboni ikifanywa kuwa hasi kwa dakika moja au mbili, chembe hizo huvutwa na kugandama juu yake zikawa utando mwembamba. Kisha chombo hupandisha nguvu ya umeme kidogo kidogo kuelekea upande wa chanya, na hapo kila aina ya madini huondoka kwa zamu yake: zinki kwanza, halafu kadimiamu, halafu risasi, halafu shaba, kama abiria washukao kila mmoja katika kituo chake. Kila kundi linaposhuka hutoa umeme. Kituo hutaja jina la madini, na wingi wa umeme hutaja kiasi chake. Ule muda wa kukusanya kwanza ndio unaowezesha kitu kilicho kichache mno kuonekana.

Mizizi ya maarifa haya ni ya zamani. Jaroslav Heyrovský alianza kuchunguza vitu vilivyoyeyuka kwa njia ya umeme huko Prague mwaka wa 1922, akitumia matone ya zebaki, na mwaka wa 1959 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Kwa miaka mingi zebaki iliendelea kutumika katika kazi hii, ikawa sumu inatafutwa kwa sumu. Tangu mwaka wa 2000 watafiti wengi wamehamia madini ya bizimuthi, yasiyo na madhara hayo. Ama vijikaratasi vya kuchapwa, hivyo vilipata sifa yao kwa wagonjwa wa kisukari. Mwaka wa 1962 Leland Clark na mwenzake walieleza jinsi sukari iwezavyo kupimwa kwa elektrodi, na mwaka wa 1987 kipimo cha nyumbani cha namna hiyo kikaanza kuuzwa. Leo nyanya asiyejua hata jina la elektrodi hutoboa kidole na kusoma hesabu yake kabla ya chai ya asubuhi. Mwaka wa 2011 watafiti wa California walitoa michoro ya chombo cha kusomea kiwezacho kutengenezwa kwa chini ya dola 80, wakaiacha wazi kila mtu aige. Kwa upande wa maji, vijikaratasi hivi vingali zaidi mikononi mwa watafiti kuliko mikononi mwa wachota maji. Lakini safari ya kipimo cha sukari inaonyesha kwamba vyaweza kufika.

Siku vikifika vitaleta swali ambalo mashine ya mjini haikutuuliza, kwa kuwa mashine ile ilisema na wakubwa tu. Je, ni haki kumwambia mtu kwamba maji yake yana sumu, ilhali huna mengine ya kumpa? Na akishaambiwa, ni nani mwenye deni?

Nchi iliyolilipia swali hili kwa bei kubwa ni Bangladesh. Watu wa huko walikuwa wakinywa maji ya madimbwi na mito, na watoto wengi walikufa kwa kuhara na kipindupindu. Kuanzia miaka ya 1970 serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ilihimiza visima vya pampu, yaani mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini, na maji yakatoka maangavu na baridi. Familia ziliona faida yake, zikachimba vyao kwa fedha zao wenyewe, hata visima vikahesabiwa kwa mamilioni. Kazi ile ilikuwa ya huruma, na simwungi mkono mtu aitajaye kwa kejeli. Maji yalipimwa kwa mambo yaliyoogopwa wakati ule. Aseniki haikuogopwa, basi haikupimwa. Nayo ilikuwamo katika mchanga wa chini tangu kale, bila kutiwa na mtu. Mwaka wa 1983, ng'ambo ya mpaka, madaktari wa Kolkata katika India walikuwa wamekwisha kueleza habari za wagonjwa wenye madoa mwilini na ngozi ngumu katika viganja na nyayo. Mwaka wa 1993 aseniki ikathibitishwa katika visima vya Bangladesh yenyewe. Mwaka wa 2000 jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapa makala iliyokadiria kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika nchi ya watu milioni 125, walikuwa katika hatari ya kunywa maji hayo. Waandishi wake walisema kwamba katika historia haijapata kutokea sumu kuwapata watu wengi kiasi hicho.

Katikati ya mambo hayo kuna kisa ambacho kila mtu atakaye kuwa mpimaji wa kitu chochote angefaa kukisoma. Mwaka wa 1992 taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilichunguza maji ya visima 150 hivi vya Bangladesh, ikapima vitu vingi, ikaandika taarifa. Aseniki haikuwamo katika orodha. Miaka baadaye mwanakijiji mmoja aliyeugua aliishtaki taasisi hiyo huko Uingereza, na kesi ikafika mbele ya Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi. Mwaka wa 2006 Malodi waliamua kwamba taasisi haikuwa na deni kwake kisheria: haikuwa msimamizi wa maji ya nchi ile, wala haikuwa imejifunga kwake kwa lolote, wala taarifa yake haikutamka kwamba maji hayana aseniki.

Kisheria sioni pa kuwalaumu. Lakini dhamira ina mahakama yake, nayo husikiliza mashahidi ambao sheria huwafukuza mlangoni. Mtu asomaye orodha ndefu ya vitu vilivyopimwa hatoki na fikira kwamba kuna vingine vilivyosahauliwa. Hutoka na fikira kwamba maji yamechunguzwa. Kimya cha mwenye elimu husomwa na wengine kama kibali. Kutopima kabisa, na kupima usikute kitu, ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kama mbingu na ardhi, walakini juu ya karatasi yote mawili huonekana kama nafasi tupu.

Baada ya hapo nchi ilipima kwa bidii. Visima takriban milioni 5 vilipimwa, na yapata milioni 1.4 vikakutwa vimepita mpaka wa nchi ile, ambao ni mikrogramu 50. Vilivyopita mpaka vilipakwa rangi nyekundu. Vilivyo chini yake vilipakwa kijani, hata asiyejua kusoma akafahamu. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vya karatasi pia, ila havikutumia umeme: hewa iliyotoka katika maji yaliyotiwa dawa iliigeuza karatasi kuwa ya manjano hadi hudhurungi, na mpimaji akailinganisha rangi hiyo na kadi kwa jicho lake. Wachunguzi waliorudia maji yale yale katika maabara walikuta visima kadhaa vimepakwa rangi isiyo yake, hasa vile vilivyokuwa karibu na mpaka. Hebu tufikiri maana ya kosa hilo. Familia moja yanywa sumu ikishukuru. Nyingine yatembea mbali na kisima chema kila asubuhi bila sababu. Kipimo kitoacho hesabu badala ya rangi kingepunguza dhuluma ya namna hiyo, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko urahisi wa bei yake.

Sasa turudi katika swali. Wako watu wema, tena wasomi, wasemao: usimwambie maskini habari ya sumu usiyoweza kumwondolea. Utampa hofu bila kumpa maji. Atarudi katika dimbwi na kuhara, au ataendelea kunywa kile kile alichokuwa akinywa, safari hii kwa uchungu. Hoja hii haifai kupuuzwa, kwa kuwa habari nayo hujeruhi. Katika vijiji vya Bangladesh wasichana wenye madoa ya aseniki walipata taabu ya kuolewa, na wagonjwa wengine walidhaniwa kuwa na ukoma. Rangi nyekundu juu ya bomba ilikuwa tangazo mbele ya ua wa mtu, lililosomwa na kila apitaye.

Hata hivyo naikataa. Yule anyamazaye kwa huruma hujifanya kujua jambo asilolijua, yaani kwamba mwenzake hana la kufanya. Huko Araihazar, mahali palipochunguzwa kwa miaka mingi katika Bangladesh, watu wapatao sita katika kila kumi walioambiwa kuwa kisima chao hakifai walihamia kingine katika muda wa mwaka mmoja. Aseniki haikutandazwa sawasawa ardhini. Kisima kibaya na kisima chema viliweza kuwa jirani, umbali wa hatua mia moja tu. Watu wale hawakungoja bomba jipya. Walipewa habari, wakatumia miguu yao na ujirani wao. Ni vizuri kukumbuka kwamba miguu hiyo kwa kawaida ilikuwa ya wanawake na wasichana, na kwamba ndoo haikupungua uzito kwa sababu njia imekuwa ndefu. Lakini walikwenda. Tena, kimya hakimlindi anayekunywa, maana mwili wake utaambiwa hata kama sikio lake haliambiwi. Wanaolindwa na kimya ni wale ambao wangeulizwa maswali. Kwa hiyo kila nikisikia kwamba habari fulani inafichwa kwa faida ya wanyonge, hutafuta kwanza ni nani mwingine anayefaidika.

Je, wale wanne katika kumi waliobaki? Hapo ndipo deni linapohama. Yamkini jirani alifunga lango lake. Yamkini visima vyote vya karibu vilikuwa vyekundu. Yamkini mama alikuwa mgonjwa na njia ndefu. Hao walijua, na kujua hakukuwatosha. Kwao habari ilikuwa nusu ya haki, na nusu ya pili ilikuwa mikononi mwa watu wenye mitambo ya kuchimba visima virefu vinavyofika kwenye maji mema. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2016 ilisema kwamba watu wapatao milioni 20 walikuwa wangali wakinywa maji yaliyopita mpaka wa nchi, na kwamba baadhi ya visima virefu vya serikali vilichimbwa mahali walipopendelea wanasiasa, kwa faida ya wafuasi wao. Vipimo vilikuwa vimekwisha sema. Rangi ilikuwa imekauka juu ya mabomba. Ramani ya mahali penye haja ilikuwapo kwa kila mwenye macho, na bado mtambo ulipita ukaenda kuchimba kwingine.

Kisa hicho chatosha kutuondolea ndoto ya kwamba chombo chema huleta wema wenyewe. Kuna hofu nyingine pia, ambayo naiona kubwa zaidi kadiri kipimo kinavyokuwa rahisi. Kitu kilipokuwa ghali, hapana aliyemlaumu mchota maji kwa kutojua; lawama ilikuwa ya serikali yenye maabara. Kikiwa cha bei ya sanduku la kiberiti, watatokea wakubwa watakaosema, "Tuliwagawia vipimo, waliokunywa walikunywa kwa hiari yao." Yaani jukumu lililokuwa la wenye fedha na madaraka litashushwa polepole, likatuliwa juu ya kichwa cha yule yule ambaye tayari ana ndoo kichwani. Kumpa mtu kijikaratasi na kumpa maji ni vitu viwili, na katika hesabu za serikali kimoja kisiruhusiwe kuandikwa mahali pa kingine.

Pamoja na hofu hiyo, siwezi kutamani kipimo kibaki ghali, kwa sababu ya mambo yaliyotukia mahali pengine. Mwezi wa Aprili 2014 mji wa Flint, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulibadili chanzo cha maji yake ili kupunguza gharama, na maji mapya ya mto yakaanza kuila risasi ya mabomba ya zamani. Wakazi walilalamika wakaambiwa kwamba maji ni salama. Wenye kusema hivyo ndio waliokuwa na vipimo, na mtu asiye na kipimo hana jibu ila malalamiko. Mwaka wa 2015 watafiti wa chuo cha Virginia Tech waliwapelekea wakazi vifurushi 300 vya kuchukulia maji. Wakazi walichukua maji ya mifereji yao wenyewe, hesabu zikatoka, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mji ukarudishwa katika maji yake ya kwanza. Maji ya Flint yalikuwa na risasi ile ile siku ambapo wakubwa peke yao ndio walioweza kupima, na siku ambapo wakazi nao waliweza. Kilichobadilika ni nani aliyelazimika kuaminiwa.

Nasi tunalo la kwetu, wala halihitaji meli kulifikia. Katika Bonde la Ufa maji mengi ya chini hupita katika miamba ya volkano, yakatoka na floraidi. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi miligramu 1.5 katika lita, ambao ndio mpaka wa Shirika la Afya Duniani, huanza kuyaharibu, na ikizidi sana kwa miaka mingi huidhuru hata mifupa. Madhara ya meno huingia utotoni, jino lingali likijengwa ndani ya ufizi, katika miaka minane ya kwanza hivi. Hudhurungi ile haitoki kwa mswaki. Vijana wa pande za Nakuru wametaniwa kwa ajili yake katika shule za mbali, kana kwamba ni uvivu wa kusafisha kinywa, ilhali ni kovu la maji waliyopewa kabla hawajajua kusema hapana.

Floraidi nayo hupimwa kwa elektrodi, na elektrodi yake imejulikana tangu mwaka wa 1966. Kinga yake haikufichwa pia. Kanisa Katoliki la Jimbo la Nakuru limetengeneza vichungi vya makaa ya mifupa ya ng'ombe viondoavyo floraidi, na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri hayana kiasi cha kutisha. Basi hapa hatuna hata ule udhuru wa kwamba hakuna la kufanya. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu, katika kifungu cha 43, haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha, na katika kifungu cha 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Tukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, hesabu ya floraidi ya kisima cha umma si mali ya faili. Mahali pake ni ukutani, karibu na bomba, ambapo mzazi wa mtoto wa miaka miwili ataiona wakati bado kuna miaka sita ya kuokoa.

Naomba niseme pia neno la kukipunguzia sifa kijikaratasi chenyewe, kwa kuwa kitu kisifiwacho kupita kiasi hugeuka mtego. Kilichotengenezwa kwa risasi hakijui habari ya aseniki, na vyote viwili havijui habari ya kipindupindu. Shaba ikiwa nyingi majini huweza kuvuruga hesabu ya aseniki. Tope na mabaki ya majani yaliyooza hufunika elektrodi, ikasoma pungufu. Joto na unyevu wa duka la bati huweza kukiharibu kabla hakijatumiwa. Mtu aliyetahadharishwa na mambo haya atapima mara mbili, na jibu la kutisha atalipeleka maabara. Asiyetahadharishwa ataona hesabu ndogo juu ya kioo cha chombo, na kwa furaha ataacha hata kuchemsha. Huyo atakuwa amedhuriwa na kipimo sahihi, kilichosema kweli juu ya jambo moja na kuachwa kieleweke kuwa kimesema juu ya yote. Hilo ndilo kosa la taarifa ya mwaka wa 1992, likichapwa upya mara milioni, kwa bei rahisi.

Watakaotengeneza vitu hivi katika nchi yetu huenda ni baadhi ya mnaosoma ukurasa huu, maana kazi ya kuchapa wino juu ya karatasi haihitaji kiwanda cha ajabu. Kama wangenijia kuuliza ni maneno gani ya kuandika juu ya kifurushi, ningewaomba mawili. La kwanza ni orodha ya vitu ambavyo kijikaratasi hakikupima, kwa herufi kubwa sawa na jina la kile kilichopimwa. La pili ni jina la ofisi ambayo mtu atapeleka jibu lake likiwa baya, pamoja na idadi ya siku ambazo ofisi hiyo imepewa kumjibu. Sehemu ya kwanza mtengenezaji aweza kuichapa leo, bila kumwomba mtu ruhusa. Sehemu ya pili haina wa kuichapa mpaka ofisi hiyo ikubali kutajwa.